Usiku tuliomlilia Chaplin

Usiku wa Krismasi ya mwaka 1977 nilikuwa nyumbani kwa baba, likizoni, mwalimu mchanga ambaye vumbi la chaki lilikuwa bado halijanikaa vyema vidoleni. Mbuzi alikuwa ameliwa, wageni wametawanyika, nasi wenye mji tumeketi kuizunguka redio tukisikiliza taarifa ya habari ya Sauti ya Kenya. Ndipo ilipotangazwa kwamba Charlie Chaplin, mwigizaji na mtengenezaji wa filamu za vichekesho, alikuwa ameaga dunia alfajiri ya siku hiyo, usingizini, nyumbani kwake nchini Uswisi, akiwa na umri wa miaka 88. Baba aliinua kichwa. Aliniuliza iwapo huyo ndiye yule wa viatu vikubwa, yule wa melini. Nikamjibu kuwa ndiye. Hakuongeza neno. Aliizima redio kabla taarifa haijamalizika, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya maishani, akatoka nje akaketi gizani peke yake.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu mjukuu wangu, aliye katika shule ya upili, alinionyesha juzi kipande cha filamu katika simu yake ya mkononi. Kilikuwa na kijitu chenye masharubu mafupi na mkongojo, kikitembea kama bata. Alitaka kujua kama huyo alikuwa mtu kweli au ni mchoro tu. Nilipomweleza kwamba alikuwa mtu, na kwamba babu yangu yeye (yaani baba yangu mimi) alimwomboleza, alicheka akidhani ninafanya mzaha. Wa nini kibarua wa shamba la mkonge kumlilia Mzungu asiyemjua? Swali hilo si la kupuuzwa, na nimeona nilijibu hapa, kwa kuwa najua walimu wenzangu na wanafunzi wao ndio wasomaji wa ukurasa huu.

Gari la sinema lilikuja shambani kwetu mwaka 1958. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Nguo nyeupe ilitundikwa kati ya milingoti miwili nyuma ya ghala la makonge, jenereta ikanguruma, nasi tukaketi mavumbini. Kwanza tulionyeshwa filamu za kutufundisha kuchimba vyoo na kuchemsha maji, ambazo watu wazima walizitazama kwa heshima waliyomwekea nyapara. Kisha, kama kifungua kinywa baada ya dawa chungu, ikaja filamu ya Chaplin iitwayo The Immigrant, aliyoitengeneza mwaka 1917. Wahamiaji maskini wamo melini wakielekea Marekani. Meli inayumba, sahani zinateleza mezani kutoka kwa huyu hadi kwa yule, na watu wanakula kwa zamu kila bahari inapoinama. Wanapofika, na ile sanamu ya uhuru inapoonekana kwa mbali, maafisa wanawazungushia kamba kama ng'ombe wa mnada. Yule mdogo wa viatu vikubwa anamtazama afisa, anatazama kamba, kisha anampiga afisa teke la matakoni.

Msomaji kijana hana budi kukumbuka wakati wenyewe. Nchi ilikuwa bado katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Watu wazima pale walijua maana ya kupangwa mistari, kuhesabiwa na kudaiwa karatasi. Kicheko kilichopasuka usiku ule sijakisikia tena. Baba, mtu ambaye nilidhani hakuumbiwa kucheka, alijishika mbavu hadi machozi yakamtoka. Halafu ikaja sehemu ya mkahawani. Mhamiaji huyo ameokota sarafu, ameagiza maharagwe, naye hajui kwamba mfuko wake umetoboka na sarafu imedondoka. Pale pale anawaona wahudumu wakimtwanga mteja aliyepungukiwa na senti kumi. Hapo kicheko cha baba kilibadilika sauti. Nilikuwa nimeketi magotini pake, nikaisikia pumzi yake. Alikuwa akihofu. Alikuwa akiijua hiyo hofu ya mfuko uliotoboka.

Ustadi huo wa kuchanganya kicheko na hofu Chaplin hakuufunzwa darasani. Alizaliwa jijini London tarehe 16 Aprili 1889, mwana wa waimbaji wa kumbi za muziki. Baba yake aliishia ulevini, na mwaka 1901 pombe ikamuua akiwa na miaka 38 tu. Mama yake, Hannah, alipoteza sauti, akapoteza kazi, akashonea watu nguo kwa malipo duni, hatimaye akapoteza na akili. Mwaka 1896, Charlie akiwa na umri wa miaka saba, mama na wanawe wawili waliingia katika nyumba ya mafukara ya Lambeth, mahali ambapo hohehahe walipewa chakula na malazi kwa kufanyishwa kazi, na watoto wakatenganishwa na wazazi wao. Baadaye alipelekwa katika shule ya watoto maskini huko Hanwell, na huko alinyolewa kichwa kwa sababu ya mashilingi. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alimshika mama yake mkono akamwongoza kwa miguu hadi hospitalini, ambako aliamuliwa kuwa mwenye wazimu. Mtoto huyo akarudi katika chumba kitupu.

Katika kitabu alichoandika kuhusu maisha yake, kilichotoka mwaka 1964, anasimulia jambo ambalo nimelitumia mara nyingi darasani. Karibu na kwao palikuwa na machinjio. Siku moja kondoo alichoropoka, akakimbia mitaani, wachinjaji wakimfukuza na kuanguka ovyo, na watoto wote wakafa kwa kicheko, Charlie akiwemo. Kondoo akakamatwa, akarudishwa alikotoka. Mara mtoto yule akatambua kinachokwenda kutendeka, akamkimbilia mama yake akilia kwamba watamuua. Chaplin mzee alijiuliza kama si siku hiyo iliyompa mwelekeo wa filamu zake. Mimi nasema bila kusita kwamba ndiyo. Kila kichekesho chake kina kondoo yule ndani yake.

Sitakawia sana katika kupanda kwake, kwani hayo yanapatikana katika kila ensaiklopidia. Alijiunga na kundi la Fred Karno mwaka 1908, akafika Marekani nalo, na mwanzoni mwa mwaka 1914 akaonekana katika filamu kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo alijivika suruali pwaya, koti la kubana, viatu vikubwa na kofia ndogo, na jamaa yule mzururaji akazaliwa. Kufikia mwaka 1916 alikuwa akilipwa dola 670,000 kwa mwaka. Mwaka 1919, pamoja na wenzake watatu, aliasisi kampuni ya United Artists ili asiwe mtumwa wa bwana yeyote. Mwaka huo pia mwanawe wa kwanza alifariki akiwa na umri wa siku tatu, na filamu yake ya baadaye, The Kid ya mwaka 1921, ilikuwa ya fukara anayeokota mtoto mchanga jalalani na kukataa kunyang'anywa.

Ila lipo jambo moja ambalo sisi walimu wa lugha tungelitafakari zaidi. Sauti ilipoingia katika sinema mwaka 1927, wenzake wote walikimbilia kusema. Chaplin akanyamaza. Alijua kwamba siku mzururaji wake atakapofungua kinywa na kusema Kiingereza, atakuwa Mwingereza, na wengine wote watakuwa wageni wake. Akiwa kimya alikuwa wa kila mtu, wa kibarua wa Kichina na wa mkata mkonge. City Lights ikatoka mwaka 1931 bila mazungumzo. Inahusu kipofu muuza maua anayemdhania mzururaji kuwa tajiri. Yule fukara anahangaika hadi anapata fedha za kumponya macho, anafungwa gerezani kwa sababu hiyo, na anapotoka anaonwa na yule msichana ambaye sasa ana macho. Msichana anamcheka. Anamwonea huruma, anampa ua na sarafu, anaugusa mkono wake, na vidole vinatambua kile ambacho macho hayakukitambua. Tukio fupi la hao wawili kukutana mara ya kwanza lilipigwa picha zaidi ya mara 300. Wanafunzi wangu walionung'unika kuandika insha mara ya pili walisikia habari hiyo kutoka kwangu, wakaichukia.

Hata katika Modern Times ya mwaka 1936, ambamo mashine za kiwandani zinammeza mtu na kumtapika, sauti ya mzururaji tunaisikia mara moja tu, akiimba wimbo wa maneno yasiyo ya lugha yoyote duniani. Kila mtu anauelewa. Na katika kamusi zetu kuna neno chale, lenye maana ya mtu wa kuchekesha, damisi. Siwezi kulisoma bila kulisikia jina la Charlie likiniita kutoka ndani yake. Wasomi wa asili ya maneno wanisamehe.

Nisije nikamfanya malaika. Wake zake wawili wa kwanza walikuwa wasichana wa miaka 16 alipowaoa, yeye akiwa na umri wa miaka 29 na 35. Nimefundisha wasichana wa umri huo kwa zaidi ya miaka 30 na sina neno la kumtetea. Ndoa zote mbili zilivunjika. Wanaomwimba sifa hulipita jambo hili kwa haraka, na mwanafunzi mwerevu hulitambua na kuacha kuwaamini.

Adui zake, hata hivyo, hawakumwandama kwa hilo tu. Mwaka 1940 alimkejeli Hitler hadharani katika The Great Dictator, wakati ambapo Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Baada ya vita akashukiwa kuwa mkomunisti, na shirika la FBI likamfuatilia kwa miaka. Hakuwa ameomba uraia wa Marekani katika miaka yote 40 aliyoishi huko, na hilo lilionwa kuwa utovu wa shukrani. Mwezi Septemba 1952 alipanda meli na jamaa yake kwenda London kuizindua filamu ya Limelight. Akiwa katikati ya bahari, ilitangazwa kwamba kibali chake cha kurejea kimefutwa, na kwamba akitaka kurudi itambidi ahojiwe na maafisa wa uhamiaji. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Yule aliyempiga teke afisa wa uhamiaji mwaka 1917 alifungiwa mlango na maafisa wa uhamiaji miaka 35 baadaye, tena akiwa melini. Na mwezi uliofuata, huku kwetu, ikatangazwa ile hali ya hatari. Baba alikuwa hajui lolote kuhusu masaibu ya Chaplin alipokuwa akicheka nyuma ya ghala mwaka 1958. Nilimsimulia baadaye sana, akatikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jirani.

Chaplin alihamia Uswisi na mkewe Oona, wakalea huko watoto wao wanane. Marekani ilimwita mwaka 1972 kumpa tuzo ya heshima ya Oscar, na ukumbi mzima ukasimama ukimpigia makofi kwa dakika 12, mzee wa mvi akishindwa kusema. Malkia wa Uingereza alimtunukia cheo cha Sir mwaka 1975, yeye akiwa katika kiti cha magurudumu. Mtoto wa nyumba ya mafukara ya Lambeth.

Basi nilimjibu mjukuu wangu hivi, kwamba babu yake mkubwa hakumlilia Mzungu. Aliyekufa usiku ule alikuwa mtu mmoja tu, miongoni mwa wote waliowahi kusimama mbele yake juu ya nguo nyeupe, ambaye hakuja kumfundisha kuchimba choo. Alikuja na mfuko uliotoboka.

Nilirudi shuleni Januari. Niliporejea nyumbani likizo iliyofuata nilibeba habari mpya. Tarehe 1 Machi 1978 wezi wawili walikuwa wamelifukua kaburi la Chaplin, wakaliiba jeneza pamoja na maiti, wakadai fidia. Mjane alikataa kulipa hata ndururu. Jeneza lilipatikana mwezi Mei, limefukiwa katika shamba la mahindi, nalo likazikwa upya chini ya zege. Nilimsimulia baba polepole, nikichelea kumtonesha. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama ni kweli kwamba ni shamba la mahindi. Nikamwambia ni kweli. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akajishika mbavu, akacheka hadi machozi yakamtoka, kama usiku ule wa gari la sinema, na mama akatoka jikoni mbio kutazama kuna nini.