Jim Reeves: Sauti Iliyoshuka Chini

Katika kijitabu hiki cha jubilei tumeandika habari za kwaya yetu na za walimu waliotufundisha. Tumeona vyema tutoe ukurasa mmoja kwa mtu ambaye hakuwahi kuimba nasi, ingawa besi wetu karibu wote wanadai ndiye mwalimu wao wa kwanza. Walimsikia redioni wakiwa watoto, hasa Krismasi.

James Travis Reeves alizaliwa tarehe 20 Agosti 1923 huko Galloway, kijiji cha wakulima mashariki mwa Texas, Marekani. Baba yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja, mama akabaki na shamba na watoto wengi wa kulea. Gitaa Jim alianza kulipiga mapema, lakini muziki haukuwa ndoto yake. Alitaka kucheza besiboli, na alikuwa mrushaji mpira mzuri hata akaandikwa na timu kubwa ya St. Louis Cardinals. Aliposhika njia hiyo akaumia neva ya mguu, na mchezo ukaishia hapo. Mwaka 1947, alipomwoa Mary White, ilimbidi atafute kazi nyingine.

Kazi aliyoipata ni ya utangazaji wa redio, na sisi tunaamini hapo ndipo alipofundishwa kuimba, ingawa mwenyewe hakujua. Mtangazaji hapigi kelele. Anazungumza na mtu mmoja aliyeketi nyumbani kwake. Akiwa Shreveport, Louisiana, kwenye stesheni ya KWKH, husimuliwa kwamba usiku mmoja mwimbaji alikosa kufika naye akaombwa ashike nafasi. Mwaka 1953 wimbo wake "Mexican Joe" ulishika nambari moja katika muziki wa country.

Ajabu ni kwamba siku hizo aliimba kwa sauti ya juu na ya nguvu, kama waimbaji wengi wa country wa wakati ule. Ukisikiliza rekodi hizo utadhani ni mtu mwingine. Baadaye akaamua kushusha sauti, akasogeza midomo karibu kabisa na maikrofoni na kuimba taratibu. Katika kampuni yake ya rekodi wako waliopinga. Chet Atkins, aliyesimamia rekodi zake, alimuunga mkono, na mwaka 1957 ukatoka "Four Walls". Uliwafikia hata watu wasiopenda country. Mwaka 1960 "He'll Have to Go" ulikaa kileleni mwa country kwa wiki 14.

Wanakwaya wetu watacheka hapa, maana wanakumbuka maikrofoni zilipofika kanisani. Soprano walizidi kupaza sauti mbele yake hadi spika zikalia, na mabishano yakachukua mazoezi mawili. Mzee wetu wa besi, aliyetutoka mwaka jana, ndiye aliyeleta kaseti ya Jim Reeves na kutuomba tunyamaze tusikilize.

Ilikuwa kaseti ya nyimbo za dini zilizotoka mwaka 1962 katika albamu "We Thank Thee". Ndani yake mna "This World Is Not My Home", ambao hakuutunga yeye, lakini wengi wetu tukiuwaza tunasikia sauti yake. Mwaka huohuo alizuru Afrika Kusini, ambako alipendwa sana, akarekodi hata kwa Kiafrikaans.

Tarehe 31 Julai 1964 alikuwa akirudi Nashville kutoka Arkansas, akiendesha ndege ndogo mwenyewe pamoja na mpiga piano wake, Dean Manuel. Wakakutana na dhoruba karibu na Nashville, ndege ikaanguka msituni. Watu wengi walitafuta kwa muda wa siku mbili kabla ya kuwapata. Zilibaki siku 20 atimize miaka 41. Alizikwa Carthage, Texas, karibu na alikozaliwa.

Mary alikuwa na rekodi ambazo hazijatoka, akaendelea kuzitoa kwa miaka mingi. Mwaka 1966 "Distant Drums" ulishika nambari moja Uingereza, mwimbaji akiwa kaburini miaka miwili.

Wimbo wa kaseti ile ni wa nane katika programu ya leo. Mzee wetu alikuwa akiuanza yeye. Safari hii utaanzwa na besi wote pamoja, na mwalimu amewaomba waimbe chini.