J.L.B. Smith: Mkemia aliyemtambua samaki wa kale kwa mifupa yake

Kwa takriban miaka mia moja, wataalamu wa Ulaya walimjua silikanti kwa njia moja tu, nayo ni alama alizoacha ndani ya mawe. Mtaalamu mzaliwa wa Uswisi, Louis Agassiz, ndiye aliyempa jina la kisayansi katika miaka ya 1830. Maana ya jina hilo ni miiba yenye uwazi ndani, kwa kuwa miiba ya samaki huyo ilikuwa kama mirija.

Visukuku vya kwanza vya jamii hiyo ni vya takriban miaka milioni 400 iliyopita, na vya mwisho ni vya wakati dinosaria walipotoweka, yapata miaka milioni 66 iliyopita. Kwa hiyo ilikubalika kuwa samaki hao walikwisha kabisa duniani.

Aliyeonyesha kwamba haikuwa hivyo hakuwa mtaalamu wa visukuku. Alikuwa mwalimu wa kemia wa Afrika Kusini, James Leonard Brierley Smith, na utafutaji wake ulipitia Kenya, Pemba na Zanzibar kabla ya kufikia kilele chake katika Visiwa vya Comoro.

Kutoka kemia hadi samaki

Smith alizaliwa mjini Graaff-Reinet mwezi Septemba mwaka 1897. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia alipelekwa kupigana katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Huko aliambukizwa malaria na maradhi mengine, na afya yake haikupata kutengemaa tena maisha yake yote.

Baada ya vita alipata shahada ya udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1922, kisha akarejea nyumbani kufundisha katika Chuo cha Rhodes mjini Grahamstown, mji ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Kemia ndiyo iliyompa mshahara, lakini moyo wake ulikuwa kwa samaki. Siku za mapumziko alikuwa pwani, akiwapima na kuwalinganisha samaki, na taratibu makumbusho madogo ya pwani yakazoea kumwuliza kila yalipopata samaki wasiyemjua.

Samaki aliyebaki nusu

Tarehe 22 Desemba 1938, meli ya uvuvi Nerine ilitia nanga katika bandari ya East London. Miongoni mwa samaki waliovuliwa karibu na mlango wa mto Chalumna, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, Bi Marjorie Courtenay-Latimer, aliona samaki wa rangi ya buluu, mwenye urefu wa mita moja na nusu na uzito wa kilo 57 hivi. Magamba yake yalikuwa magumu, na mapezi yake yalikaa juu ya vikonyo vya nyama mithili ya miguu mifupi.

Bibi huyo alihangaika kumhifadhi. Ilikuwa kiangazi cha Afrika Kusini, na chumba cha maiti pamoja na ghala la baridi vilimkataa samaki wake. Alimfunga kwa vitambaa vilivyoloweshwa formalini, na siku iliyofuata akampelekea Smith barua yenye mchoro. Lakini Smith alikuwa Knysna, mbali na nyumbani, na barua ikamfikia tarehe 3 Januari 1939. Kufikia wakati huo samaki alikuwa ameanza kuoza na fundi amekwisha kumchuna. Telegramu ya Smith ya kuomba mifupa na mashavu vihifadhiwe ilichelewa. Viungo vya ndani vilikuwa vimekwisha kutupwa.

Kilichobaki kilikuwa ngozi na magamba yake, fuvu na vipande vichache vya mifupa. Kwa maneno mengine, samaki aliyekuwa hai wiki mbili tu zilizopita alikuwa katika hali ileile ya kisukuku, kwani katika mawe pia nyama na viungo laini huoza, ikabaki mifupa, meno na magamba. Smith hakuwa na jingine ila kufuata njia ya wasomaji wa mawe: kulinganisha mfupa kwa mfupa.

Mifupa ilisema nini

Katika mchoro ule wa kalamu Smith aliona mambo ambayo hayakutani katika samaki wa kawaida. Kichwa kilifunikwa na mabamba ya mfupa. Mapezi yalikuwa na vikonyo. Mkia ulikuwa na sehemu tatu, na ile ya katikati ilikuwa ncha ndogo iliyochomoza peke yake. Alizilinganisha alama hizo na picha za visukuku vitabuni, na kila alama ilimrudisha kwa silikanti.

Hata hivyo, alisita kwa wiki kadhaa. Alijua kwamba akitangaza kuwa samaki wa enzi ya dinosaria yu hai, kisha ikabainika amekosea, jina lake lingekuwa kichekesho maisha yake yote. Tarehe 16 Februari 1939 alifika East London, akamwona samaki mwenyewe, na shaka ikamtoka. Mwezi Machi jarida la Nature la Uingereza lilichapisha taarifa yake. Samaki alipewa jina Latimeria chalumnae, kwa heshima ya bibi aliyemwokoa na mto uliokuwa jirani na alipovuliwa.

Mabaki hayo yalimwambia jambo jingine pia. Wako waliodai kuwa samaki huyo alitoka kwenye vilindi vya bahari, na ndiyo sababu hakuwahi kuonekana. Smith alikataa. Magamba mazito na mwili wa nguvu, alisema, ni vya samaki aishiye kwenye miamba. Makazi yake, kwa maoni yake, yalikuwa kaskazini zaidi, upande wa Afrika Mashariki.

Karatasi kutoka Zanzibar

Vita Kuu ya Pili vilipokwisha, Smith alisambaza katika pwani ya Afrika Mashariki karatasi zenye picha ya samaki huyo na ahadi ya pauni 100 kwa atakayempata mwingine. Zilikuwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kiswahili hakikuwamo, ingawa ndiyo lugha ya wavuvi wengi wa pwani hiyo.

Mwaka 1952 Smith na mkewe, Margaret, walifanya utafiti Kenya, Pemba na Zanzibar. Zanzibar walikutana na nahodha Eric Hunt, Mwingereza aliyefanya biashara kwa jahazi kati ya Zanzibar na Comoro, naye akachukua karatasi kadhaa.

Mwezi Desemba mwaka huohuo, mvuvi Ahamadi Abdallah wa Domoni, katika kisiwa cha Anjouan, alivua samaki mkubwa. Kwa wavuvi wa huko hakuwa kitu kigeni. Walimwita gombessa, na waliwahi kumvua mara kwa mara bila kumthamini. Mwalimu mmoja aliyekuwa ameiona karatasi ndiye aliyemtambua, na samaki akabebwa hadi upande wa pili wa kisiwa, kwenye jahazi la Hunt.

Telegramu ya Hunt ilimkuta Smith bandarini Durban siku moja kabla ya Krismasi. Alimpigia simu Waziri Mkuu D.F. Malan, kiongozi wa serikali ya ubaguzi wa rangi, akapewa ndege ya jeshi. Tarehe 29 Desemba alifika Mayotte, ambako Hunt alikuwa amempeleka samaki, na alipomwona alilia.

Pezi lililokosekana

Samaki huyo naye hakuwa mzima. Pezi la kwanza la mgongoni halikuwapo. Smith, ambaye miaka 14 nyuma alisita kwa wiki kadhaa, safari hii alifanya haraka. Alihitimisha kuwa hiyo ni jamii tofauti, akaiita Malania anjouanae, kwa heshima ya waziri mkuu aliyempa ndege. Silikanti wengine walipovuliwa Comoro, ilidhihirika kuwa ni samaki yuleyule wa East London, na pezi lilikosekana kwa sababu ya jeraha tu.

Hapo ndipo lilipo somo la maisha yake. Mabaki ya samaki wa kwanza yalimwongoza vyema kwa sababu alihukumu kwa yale aliyoyaona, alama nyingi zilizokubaliana. Samaki wa pili alimpoteza kwa sababu alihukumu kwa kile ambacho hakikuwapo. Na hadi leo asomaye visukuku hukabiliwa na swali hilohilo: je, mfupa usioonekana haukuwapo tangu awali, au umepotea tu?

Smith alieleza kisa hicho katika kitabu kilichotoka mwaka 1956, akimpa silikanti lakabu ya mzee mwenye miguu minne. Aliamini kuwa samaki huyo hutambaa kwa mapezi yake juu ya miamba. Picha zilizopigwa mwaka 1987 kwa chombo cha chini ya maji zilionyesha kuwa haitembei sakafu ya bahari, bali huelea na kuogelea, akiyachezesha mapezi kwa kupishana kama mnyama atembeaye. Kuhusu miamba, hata hivyo, Smith alikuwa sahihi: mchana silikanti hujificha katika mapango ya miamba.

Alifariki Grahamstown mwezi Januari mwaka 1968, akiwa na umri wa miaka 70. Mkewe aliiendeleza kazi yake, akaanzisha taasisi ya utafiti wa samaki mjini humo.

Upande wa kaskazini alioutazama Smith ulizidi kumpa haki. Silikanti alivuliwa Malindi, Kenya, mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2003 wengi wamenaswa na majarife ya wavuvi wa Tanzania, hasa Tanga, ambako hifadhi ya bahari yenye jina la samaki huyo ilitangazwa mwaka 2009. Samaki aliyedhaniwa kubaki mawe tu amewekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa ya kutoweka, na safari hii akitoweka, hakutakuwa na barua ya kumrudisha.