Livingstone katika Maniema: daktari aliyebebwa na wagonjwa aliotaka kuwatunza

Tarehe 29 Machi 1871, mzee mmoja wa miaka 58 aliingia Nyangwe, kwenye ukingo wa kuume wa mto Lualaba. Meno yalikuwa yamemtoka, miguu yake ilikuwa na makovu ya vidonda, na karatasi ya kuandikia ilikuwa imemwishia. Jina lake David Livingstone. Shuleni tunamsoma kama msafiri na mmisionari. Kazi aliyoisomea ilikuwa udaktari, lakini katika Maniema yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Uskoti, katika familia maskini. Akiwa na umri wa miaka 10 alianza kufanya kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Alijifunza utabibu Glasgow na London, akapata cheti chake mwaka wa 1840, na mwaka uliofuata akafika Afrika Kusini. Huko alitibu watu na kuhubiri. Safarini alitengeneza vidonge vya homa vyenye kinini, na vidonge hivyo viliokoa wengi. Mke wake Mary havikumwokoa: alikufa kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi, mwezi wa Aprili 1862.

Mwaka wa 1866 alianza safari yake ya mwisho, akitafuta chanzo cha mto Nile. Mwezi wa Januari 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lake la dawa. Tangu siku hiyo daktari alitembea porini bila kinini, naye aliandika kwamba ilikuwa kama amehukumiwa kifo.

Kipoyi cha mfanya biashara

Miaka miwili baadaye hukumu hiyo ilikaribia kutimia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1869 mapafu yake yaliugua, akakohoa damu, akashindwa kusimama. Aliyemwokoa ni Mohammed Bogharib, mfanya biashara wa pembe na watumwa. Alimpa chakula na dawa, kisha akaamuru abebwe kwa kipoyi mpaka ziwa Tanganyika. Tarehe 14 Machi 1869 alifika Ujiji akiwa hai.

Jambo hilo lilimsumbua Livingstone muda wote. Alikuwa adui wa biashara ya watumwa, na sasa maisha yake yalikuwa mikononi mwa watu wanaoifanya. Mabega yaliyombeba yalikuwa ya wapagazi ambao majina yao hayakuandikwa, na baadhi yao walikuwa watumwa.

Mwezi wa Septemba 1869 alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre. Mwaka uliofuata, watu wake wengi walipomwacha, walibaki watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Chuma alikuwa ametolewa katika minyororo ya utumwa mwaka wa 1861, akiwa bado mtoto. Vidonda vikala miguu ya daktari, na kuanzia Julai mpaka Oktoba 1870 alilala ndani ya nyumba, siku karibu 80. Alijaribu dawa nyingi. Iliyomsaidia ni jiwe la kijani lenye shaba, lililosagwa kwa maji juu ya jiwe jingine na kupakwa kwenye kidonda kwa unyoya.

Hata akiwa amelala, macho yake yalibaki ya daktari. Aliandika juu ya wenzake wenye vidonda kama vyake, watumwa wengi kati yao, waliolia usiku kwa maumivu. Aliandika pia juu ya ugonjwa ambao hakuujua kutoka shuleni. Watu waliozaliwa huru, wakakamatwa na kuvushwa Lualaba, walivumilia minyororo mpaka walipoona mto mpana uko kati yao na kwao. Basi walianza kudhoofika. Walipoulizwa wanaumwa wapi, waliweka mkono juu ya moyo. Baada ya siku chache walikufa, ingawa wengine walikuwa vijana wenye nguvu. Hakuwa na dawa ya ugonjwa huo.

Soko la Nyangwe

Nyangwe ilimfurahisha. Siku ya soko watu walikuja kwa maelfu, wengi wao wanawake, wakiwa na samaki, mihogo, chumvi, mafuta ya ngazi, vyungu na kuku. Alipenda kukaa hapo na kuwatazama wakibishana bei na kucheka.

Shida yake ilikuwa mtumbwi. Karibu miezi minne aliwaomba Wagenya, wenye mto, wamuuzie mtumbwi avuke Lualaba, nao wakakataa. Walimwona anaishi na wafanya biashara, anakula nao, anatembea nao. Wangejuaje kwamba moyo wake ni tofauti? Watu waliomtunza ndio waliomharibia jina kwa wenyeji.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wapatao 1500 walikuwa sokoni. Watu wa Dugumbe, mfanya biashara mkubwa, waliingia na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya kuku, kisha risasi zikafyatuliwa katikati ya umati. Wanawake walikimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa na kuzama, wengine wakaogelea mpaka nguvu zikawaishia. Waarabu wenyewe walikadiria wafu kati ya 330 na 400. Livingstone alitaka kumpiga bastola mmoja wa wauaji, akazuiwa. Alituma watu wake na bendera ya Uingereza kuokoa waliobaki.

Habari hii nayo ina upande wake mgumu. Mwaka wa 2011 watafiti walisoma kwa mwanga maalumu daftari lake la siku zile, lililoandikwa kwa maji ya matunda juu ya magazeti ya zamani. Waliona kwamba lilitofautiana na kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1874, na kwamba linaacha mashaka juu ya mwenendo wa watu waliokuwa wakimtumikia yeye mwenyewe.

Baada ya siku tano aliondoka Nyangwe. Taarifa zake juu ya mauaji hayo ziliwatikisa watu wa Uingereza, na mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alilazimishwa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Livingstone hakupata kusikia hayo. Alikuwa amekufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, baada ya kubebwa tena kwa kipoyi siku zake za mwisho. Susi, Chuma na wenzao walizika moyo wake chini ya mti, wakakausha mwili, wakaubeba miezi karibu tisa mpaka Bagamoyo. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha.

Miaka mia moja baadaye

Mwaka wa 1971, karne moja baada ya mauaji ya Nyangwe, mradi mwingine wa uganga ulianza katika eneo hilo. Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, pamoja na wahudumu wa afya wa Zaire, walianzisha mradi wa Kasongo: vituo vidogo vya afya karibu na vijiji, hospitali moja ya kupokea wagonjwa wazito, na wenyeji kuulizwa maoni yao. Mafunzo yake yalichangia mpango wa maeneo ya afya unaotumika nchini Kongo mpaka leo.

Vijiji vingi vya Maniema bado havina barabara ya gari, na mgonjwa mahututi bado hufika kituoni kwa kipoyi, juu ya mabega ya ndugu na majirani. Livingstone aliishi kwa mabega kama hayo. Alichokosa Nyangwe ni imani ya wenyeji, na bila hiyo hakuna aliyekubali kumvusha mto.