John Boyd Dunlop na Tairi la Hewa

John Boyd Dunlop alizaliwa mwaka 1840 katika kijiji cha Dreghorn, Uskoti. Alisomea uganga wa mifugo, na mwaka 1867 akahamia katika kisiwa cha Ireland.

Kabla ya uvumbuzi wake, magurudumu ya baiskeli yalizungushiwa mpira mgumu usio na hewa. Kila jiwe la barabarani lilimtikisa mpandaji. Mwanawe Dunlop alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu. Mwaka 1887 Dunlop alitengeneza mrija wa mpira, akaufunga kwa kitambaa kwenye ukingo wa gurudumu la mbao, kisha akaujaza hewa kwa bomba. Aliliviringisha uani pamoja na gurudumu la zamani, na lile la hewa likaenda mbali zaidi. Mwaka 1888 alipewa hataza ya kulinda uvumbuzi wake. Mwaka uliofuata, Willie Hume alizitumia tairi hizo katika mashindano ya baiskeli mjini Belfast, akashinda.

Baadaye ilidhihirika kwamba Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikwisha kuvumbua tairi la hewa katika miaka ya 1840. Hataza ya Dunlop ikabatilika. Alifariki Dublin mwaka 1921 bila kupata utajiri mkubwa, lakini kazi yake ndiyo iliyoeneza tairi la hewa duniani.

Je, tairi hubebaje mzigo? Uzito wa gari hubebwa hasa na hewa iliyoshindiliwa ndani. Hata hivyo, kila tairi lina kikomo chake, nacho huonyeshwa kwa namba ubavuni. Kwa mfano, namba 100 maana yake ni kilogramu 800, iwapo tairi limejazwa hewa ya kutosha. Pikapu yenye tairi nne za namba hiyo haipaswi kuzidi kilogramu 3,200, pamoja na gari lenyewe, watu na shehena. Aidha, shehena ya pikapu hulemea zaidi tairi za nyuma. Tairi lililozidishiwa mzigo, au lenye hewa kidogo, hubonyea mno kila linapozunguka. Hupata joto kali, na huweza kupasuka ghafla likaangamiza watu.

Maswali
1. Kwa nini gurudumu la Dunlop lilikuwa bora kuliko la zamani?
2. Pikapu yenye tairi nne za namba 100 ina uzito wa kilogramu 1,800. Watu waliomo wana kilogramu 150. Je, tairi zake zaweza kubeba shehena ya kilogramu 1,500? Eleza.