Lincoln Alipoangushwa na Kura

Wengi wetu tukimtaja Abraham Lincoln humkumbuka rais wa Marekani aliyepigwa risasi mwezi wa Aprili 1865, vita vilivyoumaliza utumwa nchini mwake vikielekea ukingoni. Leo, wasomaji, tumwache rais. Tumfuate kijana mmoja mrefu kupita kiasi, suruali haimfiki vifundoni, hana mke, hana shamba wala mtaji, ambaye mwaka 1832 alijitosa kugombea kiti katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo la Illinois.

Alizaliwa Kentucky tarehe 12 Februari 1809, katika kibanda cha magogo. Mamake alimfia akiwa na umri wa miaka tisa. Siku zake zote za kusomeshwa ukizijumlisha hazitimii mwaka mmoja. Mtoto wa kwetu aliyeishia juzuu ya Amma huenda alikaa mbele ya mwalimu wake siku nyingi zaidi. Yaliyobaki alijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Mwaka 1831 alifika New Salem, kijiji kidogo kando ya mto Sangamon, akawa karani wa duka. Duka lenyewe halikudumu. Majira ya kuchipua ya mwaka uliofuata lilikuwa likifa, na karani akabaki mikono mitupu.

Hapo ndipo alipotangaza kuwa anataka kura. Tangazo lake, lenye tarehe ya Machi 9, lilichapishwa katika gazeti la mji wa Springfield. Alitaka mto Sangamon usafishwe ili merikebu za moshi zipite, kwani mkulima hakuwa na njia nyingine nafuu ya kupeleka nafaka yake sokoni. Alitaka kila mtu apate elimu ya kumwezesha kusoma. Na liko jambo la tatu ambalo msomaji wa huku pwani hatalipita hivi hivi: riba. Wakopeshaji walikuwa wakiwakamua watu, naye akataka sheria ya kuwawekea mpaka. Hakusema riba ifutwe, na hata mpaka huo aliona mwenye dhiki sana angepata njia ya kuukwepa. Tukitazama madeni yaliyokuja kumkuta, utadhani alijitabiria.

Mwisho wa tangazo aliwaambia watu kuwa hana jamaa tajiri wa kumpigia debe, na wakimkataa, kuvunjika moyo si jambo geni kwake. Mgombea wa namna hii kwetu angeambiwa hajui siasa.

Mwezi huo huo merikebu iitwayo Talisman ilipanda mto. Lincoln alikuwa miongoni mwa waliotangulia na mashoka kuikatia matawi. Watu walishangilia, lakini maji yakapungua, ikabidi irudishwe kinyumenyume, na Lincoln akawa mmoja wa marubani wake. Pale New Salem bwawa la kinu lilibomolewa sehemu ili ipite. Sera yake ya kwanza ikawa imekwama machoni mwa wapiga kura.

Kisha vikaingia vita vya Black Hawk, na kijana akajiandikisha. Kikosi kilipotaka kumchagua kapteni, wanaume waliambiwa wajipange nyuma ya mtu wanayemtaka. Wengi wakamfuata Lincoln. Sisi tulioona uchaguzi wa mlolongo hapa Kenya mwaka 1988 tunaujua mtindo huo, na tunajua ulivyoacha uchungu. Lakini pale hapakuwa na mkubwa wa kuhesabu foleni fupi akaiita ndefu. Lincoln alikiri miaka mingi baadaye kuwa ushindi ule ulimfurahisha kuliko wowote aliokuwa ameupata.

Vita vilimla siku za kampeni. Aliachiwa Julai, farasi wake akaibwa, akarudi kwa miguu na kwa mtumbwi. Uchaguzi ulikuwa Agosti 6. Inasimuliwa kuwa katika mkutano mmoja alimwona rafiki yake akipigwa. Akashuka, akamkamata mshambuliaji shingoni na matakoni pa suruali, akamtupa kando, akarudi kumaliza hotuba yake fupi.

Kura za Illinois wakati ule zilipigwa kwa mdomo: mtu husimama mbele ya karani akataja jina mbele ya watu. Na waliokuwa na haki hiyo ni wanaume Weupe peke yao. Wagombea walikuwa 13, viti 4. Lincoln akawa wa nane, kura 657. Lakini New Salem kwenyewe, katika watu wapatao 300, 277 walimtaja yeye. Waliomjua walimtaka, wilaya ilikuwa kubwa, na wengi hawakupata kumwona.

Akaingia ubia wa duka, likafilisika, akaachiwa deni kubwa. Akapewa kazi ya posta, kisha ya upimaji ardhi, na kazi hizi zikampitisha kwenye mashamba na milango ya watu. Mwaka 1834 aligombea tena. Safari moja aliwakuta wavunaji wapatao 30, wakamwambia hawampi kura mtu asiyejua kuvuna. Akautwaa mundu mkubwa wa mpini mrefu, akawaongoza kuzunguka shamba zima. Agosti 4 akawa wa pili, kura 1,376.

Siku zile zile wadai wake wakamshika. Farasi wake na vyombo vyake vya upimaji vikapigwa mnada. Rafiki yake James Short akavinunua na kumrudishia. Mwingine, Coleman Smoot, akamkopesha dola 200, naye akashona suti ya kwendea barazani Vandalia, makao makuu ya jimbo.

Alikaa humo vipindi vinne. Mwaka 1837 baraza lilipopitisha azimio la kuwalaani wapinga utumwa, yeye na mjumbe mwenzake, Dan Stone, waliandikisha kuwa utumwa umejengwa juu ya dhuluma. Hawakupata wa tatu wa kutia sahihi. Deni la duka aliendelea kulilipa kidogo kidogo, na inasemekana alilimaliza akiwa tayari amefika Washington, mbunge wa taifa.