Louis Leakey na Sokwe wa Gombe

Louis Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903. Wazazi wake walikuwa wamishonari wa Kiingereza, naye akakua pamoja na watoto wa Kikuyu hata akasema lugha yao kama wao. Alisoma Cambridge, kisha akarejea kufukua mifupa ya kale. Aliijua mapema wilaya ya South Kavirondo, ambayo makao yake yalikuwa mjini Kisii: mwaka 1932 alichimba Kanjera, na katika kisiwa cha Rusinga mkewe Mary alivumbua, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani asiye na mkia.

Ama maneno yake juu ya asili ya mwanadamu, hatumfuati, wala siyo makusudio yetu hapa. Mfupa hausemi namna mnyama alivyoishi wala alivyohuzunika. Basi akaona hapana budi kuwatazama walio hai. Mwaka 1960 alimpeleka Gombe, kaskazini ya Kigoma, karani wake wa zamani, Jane Goodall, asiye na shahada yoyote. Serikali haikuridhia msichana kukaa peke yake mwituni, akafuatana na mamake.

Haukupita mwaka, akamwona sokwe akitia unyasi katika kichuguu, akiutoa umejaa mchwa, akila. Wengine walikwanyua kijiti, wakapukutisha majani kwanza. Wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza chombo ni kwa mwanadamu tu. Leakey akajibu kuwa sasa ama maana ya chombo ibadilishwe, ama maana ya mtu, au sokwe wahesabiwe watu. Sisi hatuoni la kutulazimisha katika matatu hayo. Utukufu wa mwanadamu haukuwa katika kijiti, bali katika kubeba amana. Na Qur'ani imekwisha kuwaita wanyama umma kama sisi.

Kwa nguvu za mikono sokwe amshinda mtu, na kwa kusema mtu amshinda sokwe. Katika huzuni, mpaka hauonekani wazi. Mwaka 1972 alikufa Gombe sokwe jike aitwaye Flo. Mwanawe Flint, mwenye miaka minane, akajitenga, akaacha kula, akafa baada ya wiki tatu hivi. Na mwenye punda mjini kwetu, ampakiaye mawe hata mgongo ukachubuka, na aifikiri habari hii.

Leakey alikufa London tarehe 1 Oktoba mwaka huohuo, akazikwa Limuru. Goodall aliendelea na kazi hiyo, akafa tarehe 1 Oktoba 2025.