Mtakatifu Fransisko wa Assisi, Aliyemwona Muumba katika Viumbe

Kanisa latufundisha ya kuwa akili ya mtu yaweza kumtambua Mungu kwa kuvitazama vitu alivyoviumba. Mtume Paulo naye aliwaandikia Wakristu wa Roma fundisho hilo. Lakini wengi wetu twaliungama kwa midomo tu, kisha twapita kati ya viumbe kama vipofu. Basi yafaa tusimulie maisha ya mtu ambaye macho yake yalikuwa karibu kupofuka kweli, naye aliona kuliko wenye macho mazima.

Fransisko alizaliwa mjini Assisi, katika nchi ya Italia, mwaka wa 1181 au 1182. Baba yake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanya biashara tajiri wa vitambaa. Kijana huyo alipenda karamu na nyimbo, akatamani sana sifa za vita. Mwaka wa 1202 alikwenda kupigana na watu wa Perugia, akatekwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Baadaye aliugua siku nyingi. Alipopata nafuu alitoka kuyatazama mashamba na mizabibu iliyompendeza zamani. Ajabu! Havikumfurahisha tena hata kidogo. Uzuri wa nchi ulikuwa palepale, lakini moyo wake ulikuwa mtupu.

Tulishike jambo hili. Viumbe peke yao hawawezi kuushibisha moyo wa mtu. Wao ni kama njia: anayeketi njiani hafiki nyumbani kwa mwenyewe.

Neema ya Mungu ikamgeuza polepole. Alimkumbatia mwenye ukoma, ambaye kwanza alimchukia hata kumwona. Akasali mbele ya msalaba katika kanisa bovu la San Damiano, akaanza kulitengeneza kwa mikono yake. Mwaka wa 1206, mbele ya Askofu wa Assisi, alimrudishia baba yake fedha na hata nguo alizovaa, akajitangaza mtoto wa Baba aliye mbinguni.

Tangu siku ile viumbe vilimrudia na uzuri mpya. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa tena na kitu chake mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu alikipokea kama zawadi. Na kama Mungu ni Baba wa wote, basi viumbe vyote vimetoka katika mkono mmoja. Ndiyo maana aliliita jua ndugu, na mwezi dada. Aliwahubiria ndege karibu na Bevagna, akawahimiza wamsifu Muumba aliyewapa manyoya na chakula bila wao kupanda wala kuvuna. Aliokota mdudu njiani, asije akakanyagwa. Ndugu waliokata kuni aliwaagiza wasiukate mti wote, ili uweze kuchipuka tena. Na mtunza bustani aache sehemu pasipo mboga, maua yapate kumea hapo na kumsifu Mungu.

Tusidhani alikuwa akiabudu miti na jua kama wasiomjua Mungu. La, hasha! Aliwaita viumbe ndugu zake, wala hakuwaita mungu. Ndugu hupendwa; Mungu peke yake huabudiwa.

Kisha yakaja majaribu. Mwaka wa 1219 alisafiri mpaka Misri, akaonana na Sultani al-Kamil wakati wa vita. Baadaye macho yake yaliugua vibaya. Mwezi wa Septemba 1224, katika mlima wa La Verna, alipokea mwilini madonda ya Bwana wetu. Mwaka uliofuata alilala San Damiano katika kibanda kidogo. Mchana hakuweza kuvumilia mwanga wa jua, wala usiku mwanga wa moto, na panya wakimsumbua asipate usingizi. Ni hapo, katika giza na maumivu, alipoutunga wimbo wake mashuhuri wa viumbe, kwa lugha ya watu wa kwao. Alilisifia jua lililokuwa likimtesa, maana aliona ndani yake mfano wa utukufu wa Mungu. Katika maji aliona unyenyekevu wake, katika moto nguvu yake, katika ardhi malezi yake.

Wakati huo Askofu na mkuu wa mji wa Assisi walikuwa wakigombana. Fransisko akaongeza maneno kuhusu wenye kusamehe, akawatuma ndugu wauimbe mbele yao, nao wakapatana. Baadaye mganga alichoma kwa chuma chenye moto toka sikioni hata kwenye nyusi zake, akitumaini kuyaponya macho. Ndugu walikimbia kwa hofu. Fransisko aliuomba moto umhurumie, akatulia. Dawa hiyo haikumponya.

Alipoona mwisho umekaribia aliongeza sifa kwa ajili ya kifo, akakiita dada. Aliomba alazwe uchi juu ya ardhi, akafa jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226. Papa Gregori IX alimtangaza Mtakatifu mwaka wa 1228, na mwaka wa 1979 Papa Yohane Paulo II alimweka kuwa msimamizi wa wanaoyatunza mazingira.

Nasi je? Ni rahisi kumsifu Mungu wakati wa mavuno mema. Fransisko alimsifu alipokuwa mgonjwa, kwa sababu alimtafuta Mtoaji kuliko zawadi. Tunapoteka maji, tunapowasha moto, tunapokata mti, tukumbuke mkono uliovifanya. Tutumie kwa kiasi, tukiwaachia watakaokuja nyuma yetu. Na tukiwa na ugomvi na ndugu yetu, tupatane kwanza, ndipo sifa zetu zipate kumpendeza Muumba.

Mtakatifu Fransisko wa Assisi, utuombee.